Kuipamba Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto kwa Kazi ya Mikono

Upande wa magharibi wa Kibera, katika mji wa Nairobi, pana mtaa uitwao Olympic. Wakazi wengi wa Kibera, kama wenzao wa Kawangware, hupanga chumba kimoja cha futi 10 kwa futi 10. Ndani ya chumba hicho hulala, hupika, na hupokea wageni. Humo ndimo mtoto anayetimiza miaka 2 hufanyiwa sikukuu yake.

Siku hiyo ni ya furaha, lakini mara nyingi hutanguliwa na wasiwasi. Wazazi huziona picha za sherehe za watu wenye mali, zenye matao ya baluni, mapazia ya kukodi, na keki ya ngazi tatu. Nao huogopa wasije wakaonekana wanyonge mbele ya majirani. Baba mmoja hukopa. Mama mwingine huigusa fedha ya kodi ya nyumba, au akiba aliyoiweka katika chama chake. Jioni wageni huondoka, baluni hupasuka usiku uleule, nalo deni hukaa nyumbani miezi mingi. Mtoto mwenyewe hakuviomba vitu hivyo hata kimoja.

Iko njia nyingine. Mapambo ya siku hiyo yaweza kufanywa nyumbani kwa mikono, kwa vitu ambavyo vingine hutupwa kila siku, na yakawa mazuri na salama zaidi kuliko yale ya kununuliwa. Kazi hii yataka siku chache za jioni, mkasi, sindano, uzi, na subira.

DESTURI ISIYO NA KANUNI

Kusherehekea tarehe ya kuzaliwa si desturi ya zamani katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Watu wa kale walikuwa na sherehe zao za mtoto: kumpa jina, kumtoa nje, na kwa Waislamu wa pwani akika na siku ya arobaini. Tarehe yenyewe haikuandikwa. Sheria ya Kenya ya kuandikisha vizazi na vifo ilianza mwaka 1928, lakini haikuenea kwa watu wote wa nchi nzima mpaka mwaka 1971. Ndiyo maana wazee wengi walijua tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka wa nzige.

Basi mzazi wa leo aijuaye siku aliyozaliwa mwanawe, na mwenye hati yake mkononi, amepata kitu ambacho babu zake wengi hawakuwa nacho. Yafaa aifurahie. Lakini kwa kuwa desturi hii ni ngeni, haina kanuni ya wazee inayomlazimisha mtu kufanya hivi au vile. Hakuna mila iliyovunjwa kwa kukosa keki ya ngazi tatu. Kila nyumba yaweza kuifanya sikukuu kwa kadiri yake.

Tena yapasa kufikiri ni nani anayefanyiwa sherehe. Mtoto wa miaka 2 hajui bei ya kitu. Yeye hupenda rangi kali, kitu kinachopepea, sauti ya kuimbiwa, na nyuso anazozijua. Hachukui muda mrefu kabla ya kuchoka. Saa moja na nusu, baada ya usingizi wake wa mchana, yatosha. Na kila akiokotacho hukitia kinywani. Mambo hayo mawili, upenzi wake wa rangi na hatari ya kinywa chake, ndiyo yatakayoongoza kazi yote.

VITU VYA KUKUSANYA

Mafundi wa cherehani hutupa vipande vya vitenge na leso kila siku. Mama akiomba kwa adabu, mara nyingi hupewa bure au kwa fedha kidogo. Katika soko la Toi, ambako nguo za mitumba huuzwa, hupatikana nguo iliyotoboka isiyofaa kuvaliwa lakini yenye rangi nzuri. Maduka hutoa makasha ya karatasi ngumu. Magazeti ya zamani, kamba ya katani, na ndala zilizokatika hupatikana kila mahali. Nguo zote zifuliwe kwa sabuni na kuanikwa juani kabla ya kukatwa.

Mifuko ya plastiki isitumiwe. Zamani watu waliikata vipande na kuifanya maua. Lakini tangu tarehe 28 Agosti 2017 sheria ya Kenya imekataza mifuko ya plastiki ya kubebea vitu isitengenezwe, isiuzwe, wala isitumiwe. Tena mfuko wa namna hiyo ukimfunika mtoto uso, humziba pumzi.

Asiwepo mtu wa kudharau kazi ya vitu vilivyotupwa. Huko Kiunga, katika pwani ya Lamu, mwishoni mwa miaka ya 1990, watoto walionekana wakijifanyia vitu vya kuchezea kwa ndala zilizoletwa pwani na mawimbi ya bahari. Kutokana na mchezo huo ilianza kazi kubwa ya kuosha ndala, kuzigandisha pamoja, na kuzichonga kuwa sanamu za twiga, ndovu, na kasa, ambazo leo huuzwa nchi za ng'ambo kwa jina la Ocean Sole. Na katika Kibera yenyewe, wanawake wa Kinubi, ambao wazee wao walikuwa askari waliopewa mahali hapo mwanzoni mwa karne ya 20, husuka kawa za duara zenye rangi nyingi za kufunikia chakula. Kawa moja kama hiyo, ikiazimwa kwa jirani na kutundikwa ukutani nyuma ya kiti cha mtoto, ni pambo lisilohitaji lingine kando yake.

GUNDI NA RANGI

Gundi hupikwa nyumbani. Chukua kikombe kimoja cha unga wa ngano, uuvuruge katika kikombe kimoja cha maji baridi mpaka madonge yote yaishe. Chemsha vikombe vitatu vya maji, kisha umimine ule uji ndani yake polepole huku ukikoroga. Baada ya dakika 3 au 4 utaona umekuwa mzito na wa kung'aa. Ipua, uache upoe. Gundi hiyo hushika karatasi na kitambaa vizuri, nayo hukaa siku chache tu kabla ya kuchacha. Kwa hiyo ipikwe kidogo kidogo.

Rangi nazo hutoka jikoni. Manjano ya unga, yale yatiwayo katika mchuzi, hutoa rangi ya dhahabu. Bitiruti iliyokatwa na kuchemshwa hutoa rangi ya waridi. Majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa makali hutoa rangi ya hudhurungi. Kitambaa cheupe cha pamba, kama kipande cha shuka kuukuu, hutiwa katika maji hayo yakiwa moto, huachwa usiku kucha, kisha huanikwa kivulini. Rangi hizi hupauka zikipigwa na jua au zikifuliwa mara nyingi, lakini kwa sikukuu moja zatosha.

Rangi za kupaka nyumba zisitumiwe kwa kitu chochote atakachoshika mtoto. Baadhi yake huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na huharibu akili ya mtoto mchanga hata zikiingia mwilini kidogo kidogo.

KAZI YA KWANZA: BENDERA ZA VITAMBAA

Hii ndiyo kazi ipambayo chumba kuliko zote. Kata kipande cha karatasi ngumu chenye pembe tatu, upana wa juu inchi 6 na urefu inchi 8. Hicho ndicho kipimo. Kiweke juu ya kitambaa, ukizungushie mstari kwa makaa au chaki, kisha kata. Changanya rangi: kitenge chenye maua, kisha kitambaa cha rangi moja, kisha leso.

Kamba ya kuvuka chumba cha futi 10 kwa 10 kutoka pembe hata pembe yataka urefu wa futi 16, ili ilegee kidogo. Acha futi moja kila upande ya kufungia. Zabaki futi 14, yaani inchi 168. Kila bendera huchukua inchi 6, na nafasi baina ya bendera na bendera ni inchi 2. Kwa hiyo kila kamba yataka bendera 21. Kamba mbili zinazokutana katikati ya chumba zataka bendera 42. Bendera hukunjwa kidogo juu ya kamba na kushonwa kwa mkono. Watu watatu wakikaa pamoja jioni mbili, mmoja akikata na wawili wakishona, kazi huisha.

Kamba zifungwe juu ya vichwa vya watu wazima, kwenye misumari iliyopigwa katika miti ya nyumba, mbali kabisa na jiko na taa. Ncha ya kamba isining'inie mahali ambapo mtoto aweza kuifikia, kwa kuwa kamba ikimzunguka shingoni yaweza kumnyonga.

KAZI YA PILI: MNYORORO WA KARATASI

Kazi hii yawafaa ndugu wakubwa wa mtoto, wale waliokwisha anza shule. Gazeti au karatasi ya daftari lililokwisha hukatwa vipande vya upana wa inchi 1 na urefu wa inchi 8. Kipande cha kwanza hukunjwa kuwa pete, na ncha zake hugandishwa kwa gundi. Cha pili hupitishwa ndani ya pete hiyo kabla ya kugandishwa, na kadhalika. Pete 40 hufanya mnyororo wa karibu futi 7, nao watosha kupita juu ya mlango.

Ili karatasi zisiwe za rangi moja, watoto wazipige mihuri kabla ya kuzikata. Kiazi hukatwa nusu, na mtu mzima huchonga juu yake nyota au jani. Nyayo za ndala kuukuu nazo huchongwa vivyo hivyo. Muhuri huchovywa katika gundi nyepesi iliyotiwa manjano au maji ya bitiruti, kisha hupigwa juu ya karatasi.

KAZI YA TATU: TAJI LA MTOTO

Pima kichwa cha mtoto kwa uzi, kisha ongeza inchi 2. Kwa mtoto wa miaka 2 urefu huo huwa karibu inchi 21. Kata ukanda wa karatasi ngumu wa kipimo hicho, kimo chake inchi 3, na upande wa juu uwe na meno kama ya msumeno. Funika kwa kitambaa kwa gundi. Mahali pa kuungana pashonwe utepe wa kitambaa. Pini na vibanio vya chuma visitumiwe kamwe. Mtoto akilivua taji na kulitupa, kama wafanyavyo wengi wa umri huo, asilazimishwe. Hiyo ni sikukuu yake, wala si ya mpiga picha.

KAZI YA NNE: MPIRA WA ZAWADI

Vipande vya vitambaa vilivyobaki visitupwe. Kata mfuko mdogo wa kitambaa kigumu, uujaze vipande hivyo mpaka ukaze, kisha ushone mdomo wake mara mbili kwa uzi imara. Mpira wenye upana wa inchi 5 mtoto aweza kuushika kwa mikono miwili na kuurusha bila kuvunja kitu chumbani. Usitiwe vifungo, shanga, wala kengele. Ndani yake usitie maharagwe wala mbegu, kwa maana mshono ukifumuka mtoto atazila.

HATARI ZA KUEPUKA

Sherehe nyingi ndogo zimeharibiwa na ajali ambayo ingaliweza kuzuiwa. Wazazi na wayakumbuke mambo haya manne.

La kwanza ni baluni. Baluni isiyopulizwa, na vipande vya baluni iliyopasuka, ni miongoni mwa vitu vya kuchezea vilivyoua watoto wengi duniani kwa kuwapalia. Mpira huo mwembamba hunata kooni na kuziba pumzi kabisa. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 3 ni heri isiwe na baluni hata moja. Bendera za vitambaa hupepea vizuri vilevile.

La pili ni vitu vidogo. Kipimo chake ni rahisi. Karatasi za msalani zikiisha, hubaki bomba dogo la karatasi ngumu. Kitu chochote kipitacho ndani ya bomba hilo kiondolewe sakafuni na mezani kabla wageni hawajafika. Njugu, bisi, na peremende ngumu nazo zisipewe watoto wa umri huo. Ndizi mbivu na vipande laini vya mkate vinawafaa zaidi.

La tatu ni moto. Katika mitaa ambayo nyumba hugusana, mshumaa mmoja ukiangukia karatasi waweza kuunguza nyumba za watu wasiojua hata kwamba kulikuwa na sherehe. Chakula kipikwe mapema, jiko litolewe nje au lizimwe. Mshumaa ukiwapo, mtu mzima aushike mwenyewe, uzimwe mara moja, na ndoo ya maji iwe karibu.

La nne ni kujua la kufanya mtoto akipaliwa. Akiwa anakohoa kwa nguvu, aachwe akohoe. Akiwa hawezi kukohoa, kulia, wala kuvuta pumzi, naye amekwisha pita umri wa mwaka mmoja, mtu mzima amwinamishe mbele na kumpiga katikati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Kitu kisipotoka, apige magoti nyuma yake, aweke ngumi juu kidogo ya kitovu, aishike kwa mkono wa pili, na kuvuta kwa ndani na kwa juu mara 5. Afanye hivyo kwa zamu mpaka kitu kitoke, huku mwenzake akikimbilia msaada. Asitie kidole kinywani kutafuta kitu asichokiona, maana aweza kukisukuma ndani zaidi. Mtoto akizimia, alazwe chini na kifua chake kibonyezwe mpaka msaada ufike. Hata akipona, apelekwe hospitali kutazamwa, kwa kuwa kule kuvuta tumbo kwaweza kuumiza ndani.

MKONO WA MTOTO

Limebaki pambo moja, nalo ni la thamani kuliko yote. Kata karatasi nyeupe safi, uiandike juu jina la mtoto na tarehe ya siku hiyo. Chukua gundi ya unga iliyopoa, uitie manjano kidogo, na umpake mtoto kiganjani. Kisha uuweke mkono wake juu ya karatasi, uukandamize polepole, na kuuinua. Mkono wake uoshwe mara moja. Karatasi ikaushwe na kutundikwa ukutani wageni waione.

Sherehe ikiisha, karatasi hiyo iwekwe mahali pamoja na hati ya kuzaliwa. Mwaka ujao mkono wa miaka 3 utapigwa kando ya ule wa miaka 2, na mwaka wa pili yake mwingine. Mtu atakayekuja kuwa mkubwa ataweza kuona jinsi alivyokua, naye atajua kwamba siku yake haikusahauliwa, hata katika miaka ambayo nyumba ilikuwa na shida. Hakuna duka liuzalo kitu kama hicho.

BAADA YA SHEREHE

Bendera zifuliwe, zikunjwe, na kuwekwa ndani ya mfuko wa kitambaa. Si lazima kila nyumba ishone zake. Wanawake wenye chama cha kuchangiana fedha waweza vilevile kuchangiana mapambo: mmoja atunze bendera, mwingine mnyororo, mwingine mkeka wa kukalia watoto, na kila mtoto afikiwapo na siku yake, vitu hivyo vihamie nyumba hiyo. Kazi za mikono zikifanywa kwa pamoja hufundisha na kuunganisha. Hayo yalionekana zamani katika vikundi vya Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa Kenya mwaka 1952, ambamo wanawake walikaa pamoja wakijifunza kushona, kupika, na kulea watoto.

Iko faida nyingine isiyoonekana upesi. Ndugu mkubwa aliyekata karatasi jioni mbili kwa ajili ya mdogo wake hujifunza kwamba kumfurahisha mtu si kazi ya fedha peke yake. Baba aliyefunga kamba darini, na mama aliyeshona bendera 42 kwa mkono, hawana deni la kulipa siku ya pili. Kodi ya nyumba imelipwa, akiba ya chama i salama, na mtoto amelala akiukumbatia mpira wake wa vitambaa.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Aliyelelewa katika nyumba ambamo furaha hutengenezwa kwa mikono, naye atajua kuitengeneza.